Kamera Ndogo ya Kuzamia na Maji ya Tanganyika

Mtu asiyeijua nchi yetu vema angestaajabu kusikia ya kuwa katika kata ya Kawajense, ndani ya Manispaa ya Mpanda, mji uliokuzwa na machimbo ya madini ya risasi na kufungamanishwa na dunia kwa tawi la reli litokalo Kaliua, mahali ambapo bahari haionekani wala upepo wake wa chumvi haufiki, wako vijana wanaoulizana kwa ghera kubwa ni kamera ipi ndogo ifaayo kushuka nayo chini ya maji. Mshangao wake ungepungua angetazama ramani, akaona kwamba upande wa machweo, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa barabara iendayo Karema, limelala Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi, na ambalo maji yake, siku za utulivu, huwa maangavu hata aliye ndani ya mtumbwi akaweza kuyahesabu mawe yaliyolala pima tano au sita chini yake.

Vijana hao aghalabu ni wapiga picha za harusi, sendofu na vipaimara, mafundi waliokwisha kuzizoea kamera kubwa za begani na vile vyombo virukavyo viitwavyo droni, na sasa wamepata habari kwamba wageni wafikao Kipili na Mahale, ufukweni mwa ziwa hilo, hupenda kuondoka na kumbukumbu ya yale waliyoyaona majini, na kwamba mpiga picha awezaye kuzama pamoja nao atapata ujira ambao harusi za Mpanda, kwa vishindo vyake vyote, hazijaufikia. Waendapo kutafuta nasaha hukutana na matangazo, na matangazo yote huimba wimbo mmoja wa idadi ya nukta za picha, wingi wa fremu kwa sekunde na utulivu wa mkono, sifa ambazo ni za kweli nchi kavu, lakini ambazo zikishushwa mita 15 chini ya ziwa hubadilika thamani, nyingine zikawa kubwa kuliko zilivyotajwa na nyingine zikawa si kitu. Rai yangu, ambayo nitaieleza bila ya haraka kwa kuwa fedha inayohusika si haba kwa kijana anayeanza maisha, ni kwamba maji ndiyo yapewe haki ya kuchagua kamera, na kwa hiyo anayetaka kununua na aanze kwa kuyajua maji yake: kina chake, mwanga wake, mchanga wake na viumbe wake.

Basi tuanze na mahali. Karema, yenye bandari mpya inayotazamana na Kalemie ya Kongo, na misheni kongwe ambayo Mapadre Weupe waliishika mwaka 1885, hujulikana zaidi kwa mizigo na dagaa kuliko kwa uzamiaji. Lakini Ikola, kijiji jirani yake, kimepata umaarufu ambao haukupigiwa ngoma, kwa maana wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ujerumani na Marekani hulitaja jina la Ikola kila wamtajapo samaki mmoja wa jamii ya Tropheus, mweusi wa kichwa na mkia, aliyefungwa mshipi mpana wa manjano kiunoni, ambaye maskani yake ni majabali ya sehemu hiyo ya pwani. Zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa sato na perege huishi katika ziwa hili, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Mitungi ya hewa ya kukodi, hata hivyo, haipatikani Ikola. Atakaye kuzama kwa taratibu na salama huelekea Kigoma, au huenda kusini kwa kupita Sitalike, kulikata pori la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha Kizi na Namanyere, hatima akateremka Kipili, katika wilaya ya Nkasi, penye visiwa na mawe makubwa yaliyojipanga majini. (Wale wanaonong'ona kwamba Mto Katuma uko karibu zaidi, na kwamba viboko wa Sitalike wangependeza katika picha, nawasihi wabaki juu ya daraja.)

Jambo la kwanza ambalo maji hulidai ni kina. Kila mita 10 za maji humwongezea mzamiaji uzito ulio karibu sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vya watu wa pwani, na kamera nayo huubeba uzito huo kwenye kila kitufe na kila kifuniko chake. Kamera za GoPro, ambazo kampuni yake ilianzishwa na Nick Woodman mwaka 2002 na ambazo jina lake limekuwa kama jina la kamera zote za namna hii, nyingi zimekuwa zikihimili mita 10 bila ya kasha tangu toleo la HERO5 la mwaka 2016. Insta360 Ace Pro 2 huhimili mita 12. DJI Osmo Action 4 ya mwaka 2023 huhimili mita 18. Na Osmo Action 5 Pro, iliyotoka mwaka uliofuata, hufikia mita 20. Kwa upande wa watu, mwenye cheti cha kwanza cha uzamiaji huruhusiwa mita 18, mwenye cheti cha pili mita 30, na mpaka wa uzamiaji wa starehe ni mita 40. Ukizilinganisha hesabu hizi mbili utaona mahali penye hadaa, kwani mwanafunzi wa mita 18 aliyenunua kamera ya mita 18 hudhani ya kuwa wamekadiriwa kuandamana, asijue kwamba kiwango cha kiwandani hupimwa kwa chombo kipya, kilichofungwa sawasawa, katika maji yaliyotulia, ilhali yeye atakuwa akipiga mapezi, akijigonga kwenye mawe, na kifuniko cha betri yake kilifunguliwa asubuhi ile juu ya mtumbwi uliojaa mchanga.

Kwa sababu hiyo kasha la plastiki ngumu, ambalo kwa kamera za GoPro na DJI hutengenezwa na kampuni zenyewe na kuhimili mita 60, si pambo la hiari. Nalinunua kabla ya kitu kingine chochote. Na hapa ndipo inapoonekana faida ya ile kamera inayohimili mita 18 au 20 ikiwa tupu, faida ambayo matangazo huieleza kinyume: uwezo huo hautakiwi ili kasha liachwe nyumbani, hutakiwa ili kasha likivuja mita 15 chini, kamera iwe na ukuta wa pili wa kuilinda mpaka mwenyewe atakapopanda. Kamera ya mita 10 iliyovujiwa mahali pale haina ukuta wa pili. Wala hapana haja ya kutamani kasha la kina kikubwa zaidi, kwa kuwa Tanganyika ina ajabu hii, kwamba maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, na chini ya mita 100 hadi 200, kwa kadiri ya mahali, oksijeni hukoma na samaki hukoma pamoja nayo. Hakuna cha kupiga picha huko ila giza.

Kasha lenyewe huweka tumaini lake lote katika pete nyembamba ya mpira, ile ambayo mafundi wetu wa pikipiki huiita oringi, na unywele mmoja uliolala juu ya pete hiyo, au chembe moja ya mchanga, watosha kuyafungulia maji mlango. Desturi njema ni kuitoa oringi kwa ukucha au kwa kadi laini, kamwe si kwa ncha ya kisu. Kuifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kuipaka grisi ya silikoni kwa ncha za vidole mpaka ing'are bila kulowa. Kisha kuitazama ikizungushwa mbele ya mwanga. Mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini yasitumike, kwa sababu mipira mingine huvimba na kulegea ikiyapata. Historia ya ziwa hili inao ushahidi adhimu wa fadhila ya grisi: Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli yao Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande, isije ikaangukia katika mikono ya maadui, na mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuishusha karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali hai, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ila wale mafundi walikuwa wakilinda chuma cha kulala miaka chini ya maji. Oringi ya saa moja hutaka grisi kidogo sana, na anayeijaza kwa wingi akidhani anaongeza usalama huwa ametengeneza gundi ya kukusanyia mchanga.

Adui mwingine wa kasha ni ukungu. Maji ya Tanganyika ni ya vuguvugu, nyuzi 24 hadi 28 juu yake na zaidi ya 23 hata chini kabisa, lakini kasha likifungwa saa sita mchana, ndani ya mtumbwi, likafungiwa hewa ya moto yenye unyevu na kamera iliyokwisha kupata joto, kioo chake kitalia machozi dakika chache baada ya kuzama, na kazi ya siku itaharibika bila ya tone moja kuingia. Dawa yake ni kulifunga asubuhi penye ubaridi, kuweka ndani vipande vya karatasi maalumu vya kunyonya unyevu, na kulifunika kwa kanga iliyolowa mpaka saa ya kushuka. Huku bara tunao upungufu wa mambo mengi, lakini jambo moja tumejaliwa: ziwa halina chumvi, na kamera itokayo Tanganyika haihitaji lile josho refu la maji baridi ambalo wenzetu wa Unguja na Mafia hawathubutu kulikosa.

Nimefika kwenye mwanga, ambao ndio kiini cha shauri lote. Maji huzila rangi kwa mpango, na nyekundu ndiyo huliwa kwanza: kwenye mita 5 imekwisha kudhoofika sana, rangi ya chungwa huifuata kwenye mita 10 hivi, na manjano nayo hufifia uelekeapo mita 20, mpaka mwishowe dunia yote ikawa ya buluu na kijani. Mzamiaji akijikwaruza kidole kwenye jabali akiwa kina hicho, damu imtokayo huonekana ya kijani kilichokaribia weusi, na wako waliotaharuki kwa kudhani wamepatwa na sumu. Kamera haina mizungu ya kuirudisha rangi ambayo haikuifikia. Programu za kompyuta zinaweza kuizidisha ile nyekundu kidogo iliyosalia, lakini pasipo na kitu hazina cha kuzidisha, na matokeo yake ni chembechembe chafu juu ya picha.

Kwa hiyo katika orodha ndefu ya sifa za kamera, ile ninayoitazama kabla ya nyingine ni ukubwa wa sensa, yaani kile kidude cha ndani kipokeacho mwanga. Nukta nyingi zilizobanwa kwenye sensa ndogo hupendeza mjini Mpanda barabarani saa nane mchana, lakini chini ya jabali la Kipili, siku ya mawingu, sensa kubwa ndiyo iletayo picha safi. DJI katika matoleo yake mawili niliyoyataja imetia sensa ya kipimo cha 1/1.3, ilhali GoPro HERO13 Black ya mwaka 2024 imebaki na 1/1.9, ambayo ni ndogo zaidi. GoPro inazo fadhila zake, hususan wingi wa vifaa vya kupachika na mafundi walioizoea kila mahali, na katika maji ya juu yenye jua la kutosha tafauti hiyo si rahisi kuiona. Kadiri mtu ashukavyo ndivyo inavyojidhihirisha.

Chujio jekundu, kile kioo cha rangi kinachobanwa mbele ya kasha, husifiwa kupita kiasi. Husaidia katika maji ya buluu yenye jua, baina ya mita 5 na 20, kwa kuupunguza ubuluu ili wekundu uliobaki upate nafasi. Juu ya hapo hufanya kila kitu kionekane kama kimepikwa kwa mawese, na chini ya hapo huuibia sensa mwanga mdogo uliosalia. Maji yakiwa ya kijani, kama yawavyo karibu na midomo ya mito wakati wa masika, chujio la zambarau ndilo hufaa. Na yule samaki wa Ikola, ambaye hupenda kukaa kwenye mawe ya maji mafupi penye mwani wa kuparuza, hahitaji chujio lolote: mita 3 chini, saa sita za mchana, mshipi wake wa manjano huwaka wenyewe, na mpiga picha ambaye ameweka chujio kwa mazoea atamgeuza kuwa wa rangi ya kutu. Penye kina, kitu cha kweli ni taa. Taa mbili ndogo za kuzamia, kila moja upande wake wa kishikio, hurudisha rangi zote kwa vitu vilivyo ndani ya mita moja au mbili, mradi zielekezwe kwa nje kidogo. Zikitazama mbele moja kwa moja huzimulika chembe za matope zilizo kati ya kioo na samaki, na picha hujaa theluji ambayo Katavi haijapata kuiona.

Liko jambo la umbali ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. Kamera hizi zina lenzi isiyosogea, iliyotegwa ione vema kuanzia kiasi cha sentimeta 30 au 40 na kuendelea, na anayeisogeza karibu zaidi hupata picha ya ukungu, haidhuru alilipa dola ngapi. Maji nayo huvidanganya vipimo, kwa kuvionyesha vitu kuwa karibu kwa robo na vikubwa kwa thuluthi. Kwa kuhe, yule samaki wa fahari ambaye huhesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa ukoo wake duniani, umbali huo si taabu: dume na jike hukaa pamoja juu ya wingu la watoto wao, wakimwendea kila ajaye, na mzamiaji atuliaye mita mbili mbali nao, akapumua polepole, huweza kuwapiga picha mpaka hewa yake ikaribie kikomo. Lakini ziwa hili limejaa pia watu wadogo. Kwenye nyanja za mchanga zilizotapakaa magamba matupu ya konokono wakubwa huishi samaki ambao nyumba yao ni gamba moja; na katika aina moja yao, Lamprologus callipterus, dume huyabeba magamba hayo kwa mdomo, moja baada ya jingine, akayakusanya mahali pamoja, mara nyingine akimnyang'anya jirani gamba pamoja na mke aliyemo ndani, naye jike ni mdogo kiasi cha kuingia na kufichika mzima humo, ilhali mumewe, aliye na uzito mara 10 na zaidi ya wake, hawezi kuingia. Kisa hicho hakipigwi picha kwa lenzi ya kawaida iliyosogezwa puani pa mwenye nyumba. Hutaka lenzi ya kukuzia, ya kupachikwa nje ya kasha huko huko majini. Na hutaka kamera iachwe mchangani juu ya kitako kizito, mwenyewe ajitenge, kwani wenyeji hao hutoka mvamizi aondokapo.

Wingi wa fremu kwa sekunde, ambao nimeonekana kuudharau, una siku yake. Katika Tanganyika wamo samaki wa jamii ya Perissodus, maharamia walao magamba ya samaki wenzao, na mwaka 1993 mtaalamu wa Kijapani Michio Hori alieleza jinsi ambavyo midomo yao imepinda, wengine upande wa kulia na wengine upande wa kushoto, kila mmoja akishambulia ubavu ule unaolingana na pindo lake, na jinsi idadi ya makundi hayo mawili inavyopanda na kushuka kwa zamu, kwa sababu samaki wawindwao hujihadhari zaidi na ubavu ule unaoshambuliwa na walio wengi. Shambulio hilo hupita kabla jicho halijajua limeona nini. Fremu 120 kwa sekunde hulirefusha mpaka likaonekana, na kwa yule atakayetaka kuonyesha maisha ya ziwa, badala ya kujionyesha yeye mwenyewe akipunga mkono, fedha iliyolipwa kwa sifa hiyo haikupotea. Kwa mengineyo fremu 30 zatosha, na huacha kila fremu ipate mwanga zaidi.

Kadi na betri ni habari fupi. Picha za 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, hivyo kadi ya 64 hujaa katika muda wa saa moja na nusu hivi, na inunuliwe yenye alama ya V30, kwa muuzaji ajulikanaye, kwa kuwa kadi bandia zimejaa sokoni, zinazojitangaza kuwa na nafasi ya 256 ilhali ndani zina 16. Hujaribiwa kwa kuzijaza mpaka pomoni na kuyasoma tena yaliyoandikwa. Betri zichajiwe zote mjini, kwa kuwa ufukweni mtu hutegemea jua au jenereta la mwenyeji wake. Skrini ya kugusa haitii amri majini. Kwa hiyo vitufe vya kasha viwe vikubwa, na mipangilio yote ifanywe kabla ya kulifunga.

Mzamiaji mwenyewe naye ni chombo, na hununuliwa kwa mafunzo. Walimu wa fani hii hukataa mtu ashike kamera kabla hajajua kuelea bila ya kupanda wala kushuka, na hawakatai kwa roho mbaya: aliyezama katika kioo cha kamera huusahau mshale wa hewa, uliokuwa kwenye 200 alipoanza na ambao ukifika 50 ulipaswa kumkuta amekwisha kurudi juu. Tanganyika huongeza masharti yake. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kila mahali palipozidi mita 300 huhesabiwa kuwa uzamiaji wa nyanda za juu, majedwali ya pwani hayatumiki bila ya marekebisho, na kompyuta ya mkononi lazima iwe ya aina inayotambua mwinuko. Aliyezoea mikanda ya risasi ya Nungwi atalazimika kupunguza kilo kadhaa, kwani maji yasiyo chumvi hayambebi mtu kama bahari. Na barabara itokayo Kipili hupanda mara moja kwenda nyanda za Ufipa, jambo ambalo kwa mwili uliojaa naitrojeni ni sawa na kupanda ndege. Anayezama mchana na kuwasha gari jioni kuwahi Namanyere hujitafutia maradhi ya viungo ambayo tiba yake, chumba cha kanieneo, haipo karibu. Alale ufukweni. Aulize wenyeji habari za mamba, na akirudi apime kichocho.

Kuna pia njia ya wasiozama, ambayo naipenda kuliko ilivyozoeleka, kwa kuwa haihitaji cheti, mtungi wala ujana. Wataalamu wa samaki duniani huishusha kamera peke yake: fremu ya nondo iliyochomelewa na fundi yeyote wa Kawajense, jiwe la uzito, kamba iliyofungwa fundo kila mita, boya juu yake, na kamera iliyowashwa tayari ndani ya kasha; huachwa saa moja, kisha huvutwa, na samaki waliopita mbele yake huhesabiwa mezani kwa utulivu. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa upande wetu wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, lilizuka swali la haki midomoni mwa wavuvi, kwamba je, mapumziko hayo yanaleta nini. Na kikundi cha BMU, yaani cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, kinachoshusha fremu hiyo mahali pale pale, kabla ya kufunga na baada ya kufungua, mwaka baada ya mwaka, kitakuwa na kitu cha kuwaonyesha wavuvi wenzake, kwenye skrini ya simu, kabla hata ripoti haijaandikwa. Ndani ya Hifadhi ya Mahale, ambayo mipaka yake huingia ziwani kilomita 1.6, na popote picha ipigwapo kwa biashara, kibali hutangulia.

Kwa hiyo kijana wa Kawajense mwenye fedha ya kamera moja, asiyetaka kurudi dukani mara ya pili, ningemwelekeza kwenye Osmo Action 5 Pro, iliyotangazwa kwa dola 349 ilipotoka, kwa ajili ya sensa yake na zile mita 20 zake, au Action 4 iliyotumika ikiwa mfuko ni mwembamba. Na aliyekwisha kuwa na GoPro nzima asiibadili, anunue taa. Baada ya kamera, kasha. Baada ya kasha, kishikio cha mikono miwili na taa moja, ya pili ifuate baadaye. Kisha betri ya akiba na kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili ajali moja isichukue safari yote. Kasha likifika, alifunge likiwa na karatasi ya tishu tu ndani yake, alizamishe katika ndoo chini ya tofali usiku kucha, na akifika ziwani alishushe tena hivyo hivyo kwa kamba hadi mita 30 kabla ya kulitia kamera. Tishu ikiwa na unyevu nyumbani, alirudishe kwa muuzaji asubuhi hiyo hiyo, risiti ingali mfukoni.